Jinsi Ua la Wairani Lilivyogeuka Kitunguu Alunguli

Ukivuka mto Lualaba kutoka Kindu ukafika Alunguli kwa mara ya kwanza, ukamwambia mwenye pikipiki akupeleke kwenye Monima ya Mashujaa, ule mnara wa kuwakumbuka waliokufa vitani, atakuna kichwa, amwulize mwenzake, na mwenzake amwulize mama muuza ndizi. Mwambie "Kitunguu". Utafika kabla hujakaa vizuri kitini.

Kitunguu hicho nilikijenga mimi. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, kisha atulie asikilize. Ninyi vijana mnaoshika mwiko na simenti siku hizi mmeniuliza mara nyingi, mkono ukiwa mdomoni kuficha meno: "Papa Ngoyi, ile kitu kweli ulitaka iwe nini?" Nilitaka liwe ua. Ua la Irani, linaloota juu ya damu ya vijana waliokufa vitani. Kaeni niwaeleze.

Baba yangu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, naye alitaka niwe mtu wa stesheni, mwenye kofia na filimbi. Mimi nikapenda matope. Aliyenifundisha ni Muzee Ramazani, masoni, mwashi wa makaburi, Mwislamu aliyezaliwa hapahapa Kindu, mtu mfupi mwenye vidole vipana kama majani ya mhogo. Alijengea kila dini. Waislamu walitaka kaburi la chini, lisilo na makeke, na Wakristo walitaka malaika, vitabu vilivyofunguliwa na mikono inayopeana heri. Alikuwa akisema Waislamu humlaza marehemu, Wakristo humpandisha cheo.

Ninyi mna bahati. Mteja akitaka simba, mnamtafuta kwenye simu, mnamwona mbele, nyuma na ubavuni. Sisi simba tulimjua kwenye pakiti ya viberiti, naye alikuwa ametazama upande mmoja tu. Familia moja ya machifu, upande wa Kibombo, ilitaka chui juu ya kaburi la baba yao. Nilimfinyanga kwa moyo wote. Nilifunga chuma, nikazungusha waya, nikapaka tabaka la kwanza nikalikwaruza ili la pili lishike, nikamfunika magunia yaliyolowa asipasuke kwa jua. Kazi ya fundi kabisa. Wana wa marehemu walipokuja, wakamzunguka. Mkubwa wao akauliza, "Sasa, juu ya nini mumetuwekea imbwa?"

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Muzee Ramazani hakutikisika. "Hamuyangoja rangi," alisema. Akachukua brashi akampiga madoa, madoa, madoa, mpaka masikioni. "Mwishaona imbwa mwenye madoa namna hii?" Wakasema hapana, hawajaona. "Basi njo chui." Wakatushukuru, wakatuchinjia kuku. Kwa kazi ile nilijifunza kwamba mteja hatazami sanamu, anatafuta jina la kuipa. Usipompa wewe, atajipa mwenyewe. Laiti ningelikumbuka jambo hilo Alunguli.

Kisha vita vikaja. Treni ikanyamaza, na simenti ilikuja kwa treni. Kuvuka mto kukawa kumkabidhi Mungu roho. Watu walikufa kwa risasi, na wengi zaidi kwa homa na njaa, na sisi wajenzi wa makaburi, ambao mngedhani tulinenepa, tulikaa bure. Hapakuwa na malaika wala kitabu. Mtu alizikwa asubuhi, na jamaa zake wakarudi mbio kabla barabara haijafungwa. Muzee Ramazani alikufa wakati ule, kwa ugonjwa ambao kidonge kingeutuliza kama kungekuwa na kidonge. Nilimjengea kwa tofali za udongo, nikazilainisha kwa kiganja kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Mvua mbili kubwa zikazishusha. Mkewe aliniambia nisihuzunike, mume wake hakupenda makeke.

Bunduki ziliponyamaza, Leta, yaani serikali, ikawakumbuka wafu. Miaka ilikuwa imepita, lakini Leta haina haraka na watu ambao hawawezi kupiga kelele. Ikaundwa komite ya kujenga monima, na Prezida wa Komite akawa bwana mmoja aliyevaa suti ya vipande vitatu hata jua likipasua mawe. Wakati wa vita alikuwa mbali sana, mahali penye umeme. Nami nikaitwa kama fundi, nikapewa kiti karibu na mlango.

Mkutano ule ningependa mngeuona. Padri alitaka njiwa, kwa kuwa njiwa ni amani. Koloneli akakohoa.

"Njiwa ni muzuri, mon père. Lakini njiwa mutupu ataonekana muoga. Tumupatie bunduki, kidogo tu."

Wakajadili bunduki ya njiwa kwa muda ambao ungetosha kupika maharagwe makavu. Wakakubaliana kwamba njiwa awepo na bunduki iwepo, ila njiwa aipe mgongo, asiione. Pasta akataka mnyororo uliokatika. Mzee wa mila akataka pembe la ndovu. Mwakilishi wa vijana, ambaye tayari alikuwa na wajukuu, akataka mpira wa miguu. Mimi niliandika yote kichwani, nikiwaza chuma kitakachoingia ndani ya vitu hivyo na jinsi kitakavyopata kutu.

Chakula cha komite kilipikwa na Mama Asumini, mjane wa Alunguli anayeuza sombe ya majani ya mhogo na samaki karibu na kivuko. Alikuwa akigawa sahani. Alipofika kwa Prezida akasimama na sahani mkononi.

"Papa Prezida, na majina ya watoto mutayaandika wapi?"

Mwana wa mama huyu, Hamisi, alikamatwa na askari wakati wa vita abebe mizigo yao kuelekea Lokandu. Hakurudi. Hakuna aliyejua kama alizama, alipigwa, au alichoka tu akaanguka njiani. Alunguli nzima ilijua habari hiyo, isipokuwa komite.

"Mama," Prezida akasema kwa sauti ya kubembeleza, "majina yanaleta maulizo. Ukiandika huyu, mwingine atasema, na wangu? Kisha watauliza, huyu alikuwa upande gani? Kisha watauliza, nani alimuua? Unaona mama? Alama haiulizi kitu. Njo uzuri wa alama."

"Mutoto wako alikuwa na grade gani?" Koloneli akauliza, akitaka kujua cheo, labda kwa wema.

"Alikuwa na gunia ya muchele ku kichwa," Mama Asumini akajibu. Akaweka sahani mezani, akatoka.

Hapo ndipo Ustaadhi Saidi alipofungua mdomo. Alikuwa kijana wetu wa Kindu aliyekwenda kusoma dini Irani, akarudi na ndevu nzuri na tabia ya kunywa chai akiwa amebana kipande cha sukari kati ya meno. Watoto wa Alunguli walimwiga, hata ambao hawakuwa na sukari. Alisema kwa upole kwamba huko alikokaa kulikuwa na vita virefu zamani, na watu wale wanajua kukumbuka. Akatoa kalenda ya zamani yenye picha.

Alisema kuna ua jekundu, kwa lugha yao huitwa lale. Wanasema linaota pale ilipomwagika damu ya kijana aliyeuawa pasipo haki, ndiyo maana wanalichora makaburini, kwenye kuta za mji, na hata maandishi ya katikati ya bendera yao yamepindwa kwa umbo lake. Mama Asumini, aliyekuwa akiosha sufuria nje ya dirisha, akainua kichwa.

"Linaitwa nani?"

"Lale, mama."

"Lale," akarudia. "Basi bo, wale Wairani, wanajua Kiswahili. Walale."

Ustaadhi akaendelea. Alisema katika makaburi makubwa ya mji wao mkuu kulikuwa na chemchemi iliyorusha maji yaliyotiwa rangi nyekundu kama damu, na wageni wengi walipiga picha pale. Lakini yeye kilichomgusa kilikuwa kingine. Juu ya kila kaburi la askari kuna sanduku dogo la kioo, na ndani yake familia huweka picha ya kijana, kitabu chake cha sala, saa yake, kitana chake, chochote. Akina mama huja kufuta vioo kama mtu anayepangusa sebule. Na kuna desturi ya zamani kuliko vita hivyo, ya kuweka maji ya kunywa njiani kwa jina la watu wa dini yao waliouawa zamani sana wakiwa na kiu. Mpita njia akinywa, anawakumbuka. "Kwa hiyo," akasema, "kama mnataka kuchukua kitu kwao, mimi naomba bomba la maji ya kunywa. Akina mama wa hapa wanachota mbali."

Mkisikiliza vizuri mtaona kwamba alitaja vitu vinne, yaani ua, maji mekundu, vioo na maji ya kunywa. Prezida alisikia viwili vya kwanza. Macho yake yalikuwa yameshaanza kung'aa kwenye neno "chemchemi".

"Modeli ya Irani," akasema polepole, kama mtu anayeonja asali. "Kisangani hawana. Bukavu hawana. Ua kubwa, na maji ya damu yanaruka! Njiwa na bunduki na mpira tunaondoa." Hapo komite nzima ilikubali, kwa sababu kila mmoja alipendelea kukosa chake kuliko kuona cha mwenzake kikijengwa.

"Na maji ya kunywa?" Ustaadhi akauliza.

"Hiyo ni maendeleo, Ustaadhi. Hapa tunafanya ukumbusho."

Basi nikapewa kalenda. Picha ya ua ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba na jua lilikuwa limeshaifuta rangi. Sikuwahi kuona ua lile, wala jirani yangu, wala jirani wa jirani yangu. Ustaadhi alinieleza kwa mikono kwamba petali zinasimama, zimefumbuka kidogo juu, kama kikombe. Niliandaa chuma cha petali. Sasa, fundi mwenzangu, petali iliyofumbuka inahitaji chuma chake peke yake, kilichopinda vizuri na kufungwa chini, la sivyo itakatika mtoto wa kwanza akiikalia. Na chuma cha kazi ya Leta mnajua tabia yake. Kinatoka ghalani kirefu, kinafika kazini kifupi. Kilichonifikia kilitosha kiunzi cha katikati tu. Ikabidi nizifumbe petali zote, zikumbatiane.

Nilipomaliza nilirudi nyuma kutazama. Sanamu ilikuwa ya mviringo, nene chini, nyembamba juu. Moyo wangu ukaniambia jambo nikaukatalia. Nikategemea rangi, kama Muzee Ramazani. Lakini rangi nyekundu haikutosha, mtu aliyetumwa akaleta nyingine ya zambarau akasema zikichanganywa hakuna atakayejua. Kisha Prezida akaja kukagua, akasema kileleni panahitaji mwali wa moto wa uhuru. Nilimwambia ua halina moto. Akasema hili litakuwa nao. Nikaweka ndimi tatu za simenti zikichomoza juu, na mtu wa rangi, bila kuulizwa na yeyote, akazipaka kijani.

Mama Asumini alipita na beseni lake la samaki. Akasimama, akainamisha shingo huku na huku.

"Fundi, kazi ni muzuri," akasema. "Lakini mbona munakumbuka mashujaa na kitunguu?"

Jina lilivuka mto siku hiyohiyo.

Siku ya uzinduzi, viongozi walipanga viti vyao karibu kabisa na birika la chemchemi nililolijenga kulizunguka ua lile, chini ya turubai, ili wapigwe picha na maji nyuma yao. Ustaadhi alimwambia Prezida kwamba wasogee kidogo. Prezida akamwambia protokoli haisogei. Walivaa mavazi yao bora. Prezida alikuwa na suti nyeupe mpya, Koloneli alikuwa na medali, mabibi walikuwa na vitambaa vyeupe vya maombolezo vilivyoshonwa sare. Rangi ya maji ilikuwa ile ya unga wanayopigia sakafu, kwa sababu ndiyo nyekundu pekee iliyopatikana mjini. Mimi nilionya kwamba rangi ya sakafu imetengenezwa isitoke. Nikaambiwa hilo ni jambo zuri, damu ya mashujaa haifutiki.

Hotuba zilikuwa ndefu. Prezida alieleza maana ya alama mpaka alama zenyewe zikachoka. Alisema petali ni umoja, kufumba ni ulinzi, mwali ni uhuru, kijani ni msitu wetu. Kumbe nilikuwa nimejenga vitu vingi! Kisha akainua mkono, na nyuma ya ukuta jenereta ikakohoa, pampu ikanguruma.

Maji yakaruka juu, mekundu kweli, yakimetameta juani, na kwa muda wa pumzi moja yalikuwa mazuri hata mimi nikasahau kitunguu. Ndipo upepo wa Lualaba ulipokuja. Haukuwa upepo mkubwa. Uliyapinda maji taratibu, kama mtu anayegeuza shuka, ukayalaza juu ya turubai, na turubai likayamwaga juu ya viti.

Walisimama wote. Suti nyeupe ilikuwa nyekundu toka kola mpaka magoti. Koloneli alijipangusa uso kwa viganja, kisha akavitazama viganja vyake, akavificha mgongoni. Mabibi walipiga mayowe. Wanakwaya, waliokuwa wameambiwa waimbe maji yakiruka, waliimba. Na umati, watu wote wale wa Alunguli na wa ng'ambo, ulikaa kimya. Tuliwaona viongozi wetu wamesimama mbele ya ukumbusho wa vita, wamelowa damu, hawajui wapanguse wapi.

Mama Asumini alikuwa mbele. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia.

"Leo damu njo imewapata."

Mtu mmoja akacheka, kisha kicheko kikaenda kama moto kwenye nyasi kavu. Cha ajabu, wengine walikuwa wakilia papo hapo. Mimi nilizima pampu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuniamuru.

Pampu haikuwashwa tena. Protokoli ikasema ina hitilafu. Birika likakauka, likabaki na doa jekundu chini, na mimi nikadhani hadithi imekwisha. Lakini asubuhi moja nilipita pale kwenda sokoni nikaona sahani ya bati katikati ya birika, imeoshwa, imeng'aa. Mama Asumini alikuwa amekaa ukingoni na miguu yake ndani.

"Ni ya Hamisi?" nikamwuliza.

"Njo alikuwa anakulia. Ku nyumba kila siku naiosha na hakuna muntu anakula. Nimeona hapa iko nafasi."

Siku chache baadaye palikuwa na kikombe. Kisha kiatu kimoja cha mpira, kitana, ufunguo, shati lililokunjwa, kanyagio la kinga, ule usafiri ambao watu wa vitabu huuita baiskeli. Watu walitoka ng'ambo, walitoka hata Lokandu kwa mtumbwi, wakaweka vitu wakaondoka. Hakuna aliyewaita. Wenye jamaa waliokufa kwa homa nao walileta, na hakuna aliyewauliza cheo.

Kisha ikasikika kwamba mgeni mkubwa anakuja kutoka mji mkuu. Prezida akaniita mbio. Nilimkuta amesimama kando ya birika na leso puani, ingawa vitu vile havikunuka.

"Fundi, takataka hizi ziondoke. Ziteketezwe."

Mama Asumini na akina mama wengine walikuwa wamesimama upande wa pili. Walivua tu viatu, wakaingia birikani, wakakaa. Prezida akawatazama, akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyewazaa. Nilijua nikikataa atamleta fundi mwingine, na nikikubali nitahama Alunguli. Nilisimama pale na beleshi mkononi, nikiomba mvua.

Badala ya mvua akaja Ustaadhi Saidi, akitembea polepole kama kawaida yake.

"Hongera, Papa Prezida," akasema.

"Hongera ya nini?"

"Sasa njo modeli ya Irani yenyewe. Ile ya kweli. Nilikuambia kwenye mkutano, vitu vya vijana vinawekwa ndani ya vioo. Mgeni akikuta vioo hapa, atajua ulisoma. Akikuta birika tupu, atauliza chemchemi ilienda wapi, na suti yako ilienda wapi."

Prezida alikuwa ametangaza modeli ya Irani kwenye redio, kanisani na kwenye harusi ya binti yake. Angesema nini? Alikunja leso akaitia mfukoni.

"Nilikuwa nataka kusema hivyo," akasema. "Fundi, weka vioo!"

Vioo nilivitoa stesheni, ng'ambo, kwenye mabehewa yaliyokufa ambayo nyasi zilikuwa zimeingia madirishani. Walinzi wa stesheni walinisaidia kuvichomoa walipojua ni vya nini, na mmoja wao akanipa kofia ya kaka yake niiweke. Niliwaza baba yangu angefurahi, hatimaye nilikuwa na kazi ya reli. Kioo kile ni kinene, kukikata ni kazi. Chora mstari mmoja tu kwa mkono usiositasita. Ukirudia mstari, umekwisha. Halafu ukikijengea simenti, kipe nafasi ya kupumua, la sivyo joto la adhuhuri litakipasua. Nilijenga visanduku kuzunguka birika lote, mlango wa kila kimoja umeshikwa na skrubu, ili akina mama wafungue na kupangusa.

Mgeni alikuja. Prezida alimweleza vioo kwa ufasaha mkubwa, akasema wazo lilimjia akiwa anasali. Mgeni alitazama sahani, akatazama kiatu, akavua miwani. Hakutoa hotuba iliyoandaliwa. Kisha akainua macho, akauliza, "Na kile kitunguu?" Lakini hayo nayo mnayajua.

Ninalotaka kuwaachia ni jambo la juzijuzi, maana nilikuwapo na hamkuwapo.

Alikuja mama mmoja kutoka Lubutu, amejitambulisha kwa jina la Mama Feza, mwembamba, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Alikuwa amesikia huko kwao kwamba Kindu kuna mahali pa kuweka vitu. Mimi nilikuwa nikibadilisha skrubu zilizoshika kutu, na Mama Asumini alikuwa akipangusa. Mgeni akafungua kitambaa, ndani palikuwa na mkanda wa askari.

"Mutoto wangu alikufia huku," akasema. "Sitaki kudanganya. Alikuwa na wale waliokuja kuwapiga."

Akina mama waliokuwa pale walinyanyuka. Mmoja alichukua beseni lake akaondoka bila kuaga. Mama Asumini alibaki na kitambaa chake juu ya kioo.

"Bo njo walikamata watu wabebe mizigo," akasema.

"Ndiyo."

"Mutoto wako alibebesha watu?"

"Sijui, mama. Alikuwa askari. Pengine." Mama Feza hakuinamisha uso. "Alipotoka nyumbani ndevu zilikuwa zinaanza tu. Nimetembea na hii kintu miaka yote. Ku nyumba wananiambia nitupe. Nitaitupa wapi?"

Mimi nilishika bisibisi nikajifanya sipo. Visanduku vyote vilikuwa vimejaa, hilo nililijua, na Mama Asumini alilijua kuliko mimi, kwa kuwa ndiye anayevipangusa. Mwishowe alifungua kile cha Hamisi, akaisimamisha sahani kwa ubavu, ukutani mwa kisanduku, pakabaki upenyo mbele yake.

"Yeye sijamusamehe," akasema. "Usiende kusema ku Lubutu kama nimemusamehe. Ni wewe njo nakupa nafasi."

Mama Feza alikunja mkanda taratibu, kama mtu anayekunja nguo ya mtoto mchanga, akauingiza. Mlango wa kioo ni mzito, kwa hiyo Mama Asumini akamshikia usimwangukie vidoleni. Kisha akanigeukia.

"Fundi, funga. Kaza muzuri, maji yasiingie."

Nikakaza.